Vita ya Tabora juu ya meza: mbele ya kubadilisha bunduki, tubadilishe namna ya kuhesabu watu

Mwezi uliopita, binamu yangu anayeishi Brussels alinitumia picha kwa WhatsApp. Ilikuwa meza kubwa iliyofunikwa kitambaa cha rangi ya majani. Katikati, muto wa plastiki ya bluu. Pembeni, tunyumba twa nyasi. Na kati ya muto na nyumba, tusanamu twa watu, kila kamoja hakafiki nusu ya kidole, tumepakwa rangi kwa uangalifu sana: kofia nyekundu, koti ya bluu, bunduki mukononi. Ngambo ya muto, wengine wenye kanzu nyeupe na vilemba. Chini ya picha aliandika: «Ona, ni kwetu. Maniema, 1893.»

Nilimuuliza nani anashinda. Akanijibu: «Wazungu, lakini kwa shida.»

Jibu lile lilinikaa kichwani siku kadhaa. Sababu katika picha ile nilihesabu tusanamu 60 wa upande wa kofia nyekundu, na muzungu alikuwa mumoja tu, amesimama nyuma na kofia yake nyeupe ngumu.

Najua musomaji wa Bukavu, Goma, Uvira ao Bunia ataniuliza: inchi iko ndani ya vita ya kweli, watu wanalala kambini chini ya mashiti, na wewe mwandishi wa habari unatuletea mambo ya wazee wa Ulaya wanaocheza na waaskari wa bati? Swali ni la haki. Mimi pia nilijiuliza mbele ya kuandika. Lakini kuna mambo mawili yaliyonisukuma. La kwanza, vita zetu za zamani zinachezwa huko kila mwisho wa juma, na watu wenye kusoma sana, wenye maktaba nyumbani, na picha wanayobaki nayo juu ya Kongo inatoka kwa sehemu pale mezani. La pili, sisi wenyewe tulifundishwa vita ya Tabora darasani kwa mistari miwili: tarehe moja na jina la jenerali mumoja Mubeleji. Kisha mwalimu akafuta ubao.

Muchezo wenyewe si wa jana. Mwaka wa 1824, ofisa wa Prussia aliyeitwa Georg von Reisswitz alionyesha wakubwa wa jeshi lake muchezo wa vita wenye ramani, vipande vidogo, dadu na mwamuzi. Waliupenda, wakaufanya somo la maofisa. Mwaka wa 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu kidogo, Little Wars, cha kucheza sakafuni na waaskari wa bati na mizinga ya watoto. Mwaka uliofuata ilikuwa 1914, na sakafu ikawa Ulaya nzima.

Lakini kitabu kinachotuhusu zaidi kilitoka Marekani mwaka wa 1979. Kinaitwa The Sword and the Flame, yaani Upanga na Muali wa Moto, cha Larry Brom. Kilitengenezwa kwa ajili ya vita za ukoloni za Waingereza wakati wa malkia Victoria: Wazulu, Sudan, mipaka ya Afghanistan. Kila kikosi kina watu 20. Kujua nani atatembea, hamufuatani zamu kwa zamu kama vile mnacheza dama. Munachanganya karata: nyekundu za upande mumoja, nyeusi za upande mwingine. Ikifunguka nyekundu, kikosi kimoja cha upande ule kinasonga. Inaweza kufunguka nyekundu tatu zikifuatana, na wewe wa nyeusi umekaa tu unamuangalia adui anavyokukaribia. Hata mwendo haujulikani mbele: unarusha dadu, ile ile ya ludo, ndiyo inakuambia leo watu wako wametembea sana ao wamesitasita.

Hapa niseme ukweli: ni sheria nzuri. Mutu yeyote aliyewahi kukimbia risasi hapa kwetu anajua kwamba katika vita hakuna zamu. Unafunga kifurushi, unamutafuta mutoto wa mwisho, na wakati unadhani ungali na dakika kumi, wao wamekwisha kufika kwa jirani. Brom alielewa jambo hilo, akaliweka katika karata 52.

Kwa sababu sheria ni nzuri, watu hawakuziacha kwa Wazulu na Waingereza peke yao. Wachezaji wamezihamisha: wamezipeleka karne ya 18 katika misitu ya Amerika ya Kaskazini, wamezipeleka karne ya 20. Safari ya kurudi inafanyika pia. Mwingereza Daniel Mersey alitoa mwaka wa 2014 sheria za vita za Ulaya ya kale, wakati wa mashujaa wenye farasi na mikuki, kitabu kinaitwa Lion Rampant. Miaka miwili baadaye, mashine ile ile aliigeuza ikawa The Men Who Would Be Kings, sheria za vita za ukoloni, na jina la kitabu linatukumbusha hadisi ya Kipling ya mwaka wa 1888. Kisha mashine ile ikaenda karne ya 17, kisha Amerika. Gari ni moja, wanabadilisha bodi tu.

Kubadilisha bodi si kazi ngumu. Bunduki ya gobori inachukua muda murefu kuijaza, basi unaikataza kufyatua mara mbili. Bunduki mupya inafika mbali, basi unaongeza sentimeta. Mutrayezi unaipa dadu nyingi. Baruti ya zamani inatoa moshi mweupe unaoonyesha mahali ulipojificha. Unaandika sheria ya moshi. Kijana yeyote anayetengeneza simu pale sokoni angeweza kuifanya kazi ile kwa siku mbili. Mabishano yao mengi ni juu ya vitu vya namna hii, na wanabishana kwa furaha.

Shida iko mahali pengine, kwa mustari unaofuata, ule ambao wengi wanauhamisha bila kuutazama. Kila kikosi kina namba ya silaha, na kina namba ingine, tuseme namba ya roho: watu hawa wakipigwa watasimama ao watakimbia? Wakiamriwa wangoje, watangoja? Mukubwa wao akianguka, nani atashika amri?

Katika sheria nyingi za vita za ukoloni, watu wamegawanywa kwa mafungu. Kuna fungu la waaskari wenye nizamu: wanafyatua vizuri, wanasimama kwa musitari. Na kuna fungu la wenyeji, ao wa kikabila: wanakimbia haraka, wanajificha vizuri, wana nguvu katika kupigana mukono kwa mukono, bunduki wanaishika vibaya. Kitabu cha Mersey kina hata sehemu ya kucheza peke yako. Wewe unaongoza waaskari wako, na adui wa kikabila anaongozwa na dadu na jedwali. Huyo adui wa karatasi amepewa jina la Bwana Babbage, yule Mwingereza wa karne ya 19 aliyechora mashine ya kuhesabu. Desturi hii si ya kitabu kimoja: kuna meza nyingi ambapo marafiki wote wanakaa upande wa waaskari wa malkia, na wenyeji wanasukumwa na dadu, wanatoka tu nyuma ya majani kila karata fulani ikifunguka.

Tazama vizuri kinachosemwa pale. Kinasemwa kwamba upande mumoja una akili inayopanga, na upande wa pili ni kama mvua: unanyesha. Mimi bado sijaona meza ambapo ni ofisa muzungu anayesukumwa na jedwali, na chifu ndiye anayefikiri.

Sisemi kwamba watu hao wana nia mbaya. Muchezo wenye pande mbili zinazofanana unachosha haraka, na tofauti ndiyo inaleta utamu. Tena kuna tofauti ambazo si zarau, ni historia. Huko Omdurman, Sudan, tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka wa 1898, waaskari wa Mahdi zaidi ya 10 000 waliuawa kwa asubuhi moja, na upande wa Waingereza na Wamisri hawakufika 50. Mutrayezi aina ya Maxim haikuwa hadisi. Na katika sheria za Brom, wenyeji wanashinda mara nyingi. Wachezaji wengine wanapigania kuchukua upande wa Wazulu. Yote hayo nayakubali.

Lakini bunduki ni jambo moja, na roho ni jambo lingine. Miaka miwili na nusu mbele ya Omdurman, tarehe 1 mwezi wa 3 mwaka wa 1896, Italia ilipeleka watu karibu 17 000 kupigana na mufalme Menelik huko Adwa. Waethiopia walikuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Walikuwa na mufalme aliyejua kununua silaha kwa Wazungu wanaoshindana wao kwa wao. Waitalia walikuwa na ramani mbaya, vikosi vyao vikapotezana usiku katika milima. Sasa muchukue Menelik umuweke katika fungu la kikabila, la kukimbia haraka na kufyatua vibaya. Anaweza bado kushinda, dadu ikimupenda. Lakini atashinda sababu watu wake ni wengi na ni wakali. Ile siyo sababu alishinda. Umempa ushindi, umemunyanganya akili.

Na tazama jambo lingine la kuchekesha kidogo. Ndani ya Lion Rampant, kitabu cha Ulaya ya kale, kuna fungu la watu wakali wa miguu: wanarukia adui, hawana subira. Pale ni watu wa pembeni ya Ulaya, wa milima na wa mapori. Gari lilipofika Afrika, kiti kile kilikuwa tayari, wakatukalisha sisi.

Kwa hiyo shauri langu kwa yeyote anayekopa sheria za ukoloni kwa kucheza vita ya wakati mwingine ni hili: usianze na bunduki. Anza kwa kufuta namba za roho zote. Peana kila kikosi namba moja, sawasawa, kisha ulazimike kuandika sababu kila unapotaka kuipandisha ao kuishusha. Walikuwa na njaa? Shusha. Walikuwa wanapigania kijiji chao? Pandisha. Hawakulipwa mishahara miezi sita? Hilo tunalijua sana hapa. Lakini «ni wenyeji» siyo sababu.

Turudi kwa picha ya binamu yangu, sababu Maniema ndiyo inavunja kabisa sheria ya wazungu na wenyeji.

Ile vita ilianza mwaka wa 1892 ikaisha 1894. Vitabu vya Wabeleji viliiita vita juu ya Waarabu. Upande mumoja ulikuwa Dola Huru la Kongo la mufalme Leopold, likiongozwa na komanda Dhanis. Waaskari wake walikuwa Wahausa na wengine kutoka Afrika ya Magharibi, na watu waliochukuliwa hapa hapa Kongo. Maofisa wazungu walikuwa wachache sana. Upande wa pili ulikuwa Sefu, mwana wa Tippu Tip, pamoja na Wangwana wake, na wengi wao hawakuwa Waarabu hata kidogo: walikuwa watu wa bara waliovaa kanzu na kusema Kiswahili. Nyangwe ilianguka tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka wa 1893, Kasongo tarehe 22 mwezi wa 4.

Lugha hii ninayoiandika, na ambayo wewe unaisoma, ilifika kwetu kwa sehemu kubwa na watu wa Nyangwe na Kasongo. Wazee waliiita Kingwana. Kwa hiyo tukiulizwa katika vita ile sisi tulikuwa upande gani, jibu si moja. Babu za wengine wetu walivaa kofia nyekundu. Babu za wengine walivaa kanzu. Na babu za wengine walifungwa minyororo na wale wa kanzu, kisha wakalazimishwa kutafuta mpira na wale wa kofia.

Halafu kuna Gongo Lutete. Alikuwa mutu wa Tippu Tip, mwenye nguvu sana katika inchi ya Watetela. Mwaka wa 1892 aligeuka, akaungana na Dola pamoja na maelfu ya watu wake. Bila yeye, Dhanis asingefika Nyangwe. Mwezi wa 9 mwaka wa 1893, maofisa wa Dola hilo hilo walimushtaki usaliti, wakamupiga risasi. Mwaka wa 1895, waaskari wa Luluabourg waliasi, wengi wao wakiwa watu wake wa zamani, na kifo chake ni mojawapo ya sababu zinazotajwa.

Mutu huyu unamuandika namna gani kwa sheria za Upanga na Muali? Kwa kawaida ataandikwa kama musaidizi wa kikabila, vikosi vitatu, bei fulani, upande wa wazungu. Na atakaa pale mpaka mwisho wa muchezo, sababu kasanamu hakageuki. Mimi ningemufanya muchezaji wa tatu. Mutu wa kweli, amekaa kwa meza na kiti chake, ana karata zake mwenyewe, haki ya kuungana na haki ya kuacha. Na wa Dhanis awe na haki ya kumuua, lakini akifanya hivyo, kutoka saa ile kila karata nyekundu ikifunguka arushe dadu: ikianguka moja, kikosi chake kimoja kinageuza bunduki. Weka sheria hiyo, utaona ginsi wachezaji watakavyoanza kuongea na kubembelezana badala ya kusukuma tu tusanamu. Ile ndiyo ilikuwa vita ya Maniema. Kwa kiasi fulani, ndiyo vita nyingi za huku kwetu.

Sasa Tabora. Hapa ndipo moyo wangu uko, na niombe radhi nikirefusha.

Vita ya 1914 ilitufikia haraka. Mwezi wa 8 mwaka ule ule, meli ya Wadachi ilishambulia Lukuga, pale Kalemie ya leo. Mwezi wa 9 wakachukua kisiwa cha Idjwi. Mwaka wa 1916 jeshi la Force Publique likavuka, chini ya jenerali Tombeur. Kigali mwezi wa 5. Kigoma mwisho wa mwezi wa 7. Tabora tarehe 19 mwezi wa 9. Mukubwa wa Wadachi upande ule alikuwa jenerali Wahle.

Ukitaka kucheza vita hii na sheria za ukoloni, unagonga ukuta mara moja: wenyeji wako wapi? Upande huu, waaskari weusi wenye maofisa wazungu. Upande ule, waaskari weusi wenye maofisa wazungu. Wanasimama kwa musitari mumoja, wanapiga bugli moja, hata matusi wanaweza kutukanana kwa Kiswahili kimoja. Ile namba mbili za roho haina mahali pa kukaa. Silaha zenyewe mwanzoni mwa vita zilikuwa za zamani kwa pande zote: sisi tulikuwa na Albini ya kufyatua risasi moja moja, na waaskari wengi wa Wadachi walikuwa na bunduki ya mwaka wa 1871 yenye moshi. Kwa hiyo watu wanaohamisha sheria wanasema: vizuri, pande mbili sawa, muchezo unakuwa rahisi.

Haukuwa rahisi, sababu kitu kilichoamua mambo hakikuwa juu ya meza. Wanahistoria wanataja mara nyingi hesabu ya wapagazi 260 000 waliochukuliwa upande wa Kongo kwa ajili ya vita ile. Jeshi lenyewe halikufika waaskari 20 000. Hakukuwa na barabara ya gari, farasi na punda waliuawa na mbungo. Kila risasi, kila sahani ya muchele, kila gurudumu la munzinga lilivuka milima juu ya kichwa cha mutu. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa baridi ya mapafu, kwa njaa, wakiwa wamebeba chakula.

Tate yangu, mama ya mama, alizaliwa Uvira. Alikuwa na baba mukubwa ambaye hakumuona. Tulipomuuliza yuko wapi, alisema: «Alienda na Tabora.» Hakusema alienda Tabora. Alisema alienda na Tabora, kama vile watu wanasema mutu ameenda na kipindupindu. Nilifika chuo kikuu, katika darasa la uandishi wa habari, ndipo nikaelewa kwamba Tabora ni muji.

Ndani ya muchezo, mupagazi akiwepo, mara nyingi ni muzigo wenye miguu: kitu cha kulinda ao cha kunyanganya adui, kina bei yake ya pointi. Anapoanguka, unakatwa pointi mbili. Askari anapoanguka, wanafungua karata kujua kama amekufa ao ameumia, sababu askari ni mutu.

Nilitaka kujua kama inawezekana kufanya vingine. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika kwa kartie yetu siku mbili, vijana watatu wa jirani walikuwa wanazunguka bila kazi, nikawaita. Tusanamu hatuna, kamoja tu kanauzwa huko bei ya mikate ya siku kadhaa. Tulichukua vizibo. Vya Primus ni jeshi la Tombeur, vya Fanta ni jeshi la Wahle. Kila kizibo ni kompanyi moja. Nyuma ya kalenda ya zamani tulichora ziwa, Kigoma, njia ya treni mpaka Tabora, na barabara ya kaskazini inayotoka Rwanda. Kisha nikaomba kwa maman wa nyumbani kikombe cha maharagi. Maharagi ni wapagazi.

Sheria tulizikopa kwa Brom, karata nyekundu na nyeusi, dadu kwa mwendo. Namba ya roho, moja kwa wote. Mbele ya kuanza, kila kizibo kinawekewa nyuma yake maharagi manne. Kizibo kikisonga shubiri moja, unarusha dadu kwa kila haragi: likianguka moja ao mbili, haragi linaingia ndani ya kikopo. Kizibo kisicho na haragi hakitembei, na kinafyatua mara moja tu katika vita nzima. Unaweza kupata maharagi mengine ukipita kijijini, lakini kila kijiji kinatoa mara moja tu, na kisha unakifuta kwenye ramani kwa kalamu nyekundu. Hiyo ya kijiji si yangu, ni ya kijana mudogo kuliko wote, wa miaka kumi na tatu. Sikumuuliza aliitoa wapi.

Saa ya kwanza ilikuwa mbaya. Kurusha dadu kwa kila haragi kunachosha, wawili walianza kunungunika, mumoja akasema tucheze tu na bunduki. Nilikubali kwamba sheria yangu ni nzito; siku ingine tutarusha dadu moja kwa kizibo kizima. Kisha mambo yakabadilika. Yule wa Primus, ambaye alikuwa anakimbilia mbele, aligundua kwamba kompanyi zake tatu zimesimama katikati ya pori bila mutu wa kubeba. Hakuna adui aliyezipiga. Akaanza kupima. Akaanza kurudi nyuma kwa ajili ya haragi moja. Wa Fanta naye aliona kwamba hana haja ya kupigana: akirudi pole pole kwa njia ya treni, yule anayemufuata atajimaliza. Hakuna aliyewaambia kwamba Wadachi walifanya karibu hivyo mpaka mwezi wa 11 mwaka wa 1918. Walilifikia wao wenyewe, kwa vizibo.

Primus ilifika Tabora karibu na saa mbili ya usiku, kwa mwanga wa simu. Tulihesabu. Vizibo vilivyoanguka, pande zote mbili: vinne. Maharagi ndani ya kikopo: 51. Yule wa Primus alikuwa ameruka juu kwa furaha. Wa miaka kumi na tatu alishika kikopo, akakitikisa, akaniuliza:

«Yaya, hawa wa ndani ya kikopo walikuwa wa upande gani?»

Nilimuambia habari ya baba mukubwa wa tate. Aliuliza jina lake. Sikuwa nalo, na tate amekwisha kufariki.

Juma hili tunajaribu Maniema, na tayari kuna ubishi: wote watatu wanataka kuwa Gongo Lutete. Sheria za maharagi nimemutumia binamu yangu, naye amezionyesha kwa wenzake wa Brussels. Wamependa. Wanataka kutengeneza Tabora vizuri kwa tusanamu twa kweli, na ameniuliza anunue wapagazi wangapi kwa waaskari wake 60. Nilimuandikia afanye hesabu mwenyewe: 260 000 kwa jeshi lisilofika 20 000. Alirudi kesho yake na jibu: zaidi ya 780. Amesema meza yake haitoshi.